Mkanda wa Mashine na Saini ya Sixte

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Ijumaa. Kapiga simu mwenyewe, kwa upole — upole wa watu wa ofisini ndio unaonitisha. Anataka tathmini ya hatari, na uthibitisho kwamba wafanyakazi wamefundishwa. Nina mashine moja tu ya kukoboa mpunga, wafanyakazi wawili, Sixte na mkewe Vénérande. Hatari gani tena! Kaka Mbaruku kanicheka: nenda steshenari pale karibu na manispaa, zinauzwa zimeshajazwa, wewe unaweka jina tu.

Jumanne, 17 Juni
Nimenunua. Imechapwa vizuri, inapendeza.

Jumatano, 18 Juni
Leo ndiyo nimeisoma. Balaa! Imenakiliwa kutoka ya fundi wa kuchomelea vyuma. Eti wafanyakazi wangu wanavaa miwani ya kukinga cheche. Eti mitungi ya gesi imefungwa minyororo. Na mkanda wa mashine, kitu pekee kinachoweza kumla mtu hapa, haumo.

Nikaanza upya kwa mkono. Nani anaweza kuumia, na vipi? Nikatoka kumtazama Sixte. Mkanda ulichomoka, akaurudisha kwa kijiti huku injini inazunguka, kama kila siku. Maana ikizimwa, kuiwasha ni kasheshe, na foleni ya magunia imefika barabarani. Kijiti kikanyakuliwa mkononi mwake. Yeye akacheka.

Nikamwambia kuanzia leo azime kwanza. Kasema sawa, mama. Alasiri wateja wakaanza kulalamika, nikasikia mkanda unarudishwa — injini haijazimwa. Foleni ilinifumba mdomo, na najionea aibu.

Ijumaa, 20 Juni
Mkaguzi yuko nje na Sixte. Tathmini niliyoiandika kwa mkono kaisifia. Imebaki karatasi moja: mfanyakazi asaini kwamba amefundishwa kuzima injini kabla ya kugusa mkanda. Nilidhani ni ya kuninusuru na faini tu. Kumbe siku mkanda ukimchukua mkono, karatasi itasema alijua, kajitakia. Asiposaini, mashine inafungwa leo, katikati ya mavuno.

Sixte hakusoma hata mstari. Kauliza tu asaini wapi.

Nimesema naleta muhuri. Niko stoo, naogopa. Muhuri ninao mfukoni muda wote.

Vénérande kanifuata hadi mlangoni. Anauliza taratibu:

"Mama, asaini?"