Moto Ulioingia Ardhini

Jumatatu, 6 Januari 2025

Nimerudi nyumbani na hasira mpaka chai imenishinda. Adeer Kulow, ndugu wa marehemu baba, ameleta tingatinga kwenye desheg yetu — kile kinamasi kando ya Tana ambacho ng'ombe wa hooyo, mama yangu, hula matete yake kila kiangazi cha jilaal, nyasi zikiisha kwingine kote. Amechimba mfereji mdomoni mwa desheg. Maji ya mto yasiingie tena, yaende kwenye shamba lake la matikiti!

Nilimkuta akimwambia dereva, "Wewe chimba tu. Hii tope inakula maji bure."

Bure! Kazi yangu ni kupima udongo, najua kilichomo mle. Matete yanavuta kaboni kutoka hewani, yanakufa, yanazama. Chini ya maji hakuna hewa, kwa hiyo hayaozi yakaisha. Yanalaliana tu, mwaka juu ya mwaka, tangu kabla ya babu. Ule weusi wote ni matete ya zamani. Ukiukausha, hewa inaingia na kaboni yote inarudi juu ilikotoka. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza nitaolewa lini.

Jumamosi, 15 Februari

Leo wamechoma matete. Huchomwa kila mwaka kabla ya mvua za gu, ili machipukizi yatoke laini kwa ajili ya ndama. Wazee husoma dua, moto hupita juu juu, ukifika kwenye maji unakufa. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Lakini safari hii maji hayapo. Niliwaambia chini ni pakavu, moto utashuka. Adeer akasema wamekuwa wakichoma tangu mimi sijazaliwa. Kweli. Wanasema kweli kuhusu kila kitu isipokuwa huo mfereji.

Moto ulizimika haraka. Wakala nyama, wakaenda zao.

Jumatano, 19 Februari

Moshi. Hakuna miali, hakuna kinachoonekana kikiwaka. Unatoka tu kwenye nyufa za udongo, unanuka nywele zilizoungua. Watu wanasema ni kazi ya mashetani. Mashetani hawakodi tingatinga.

Nimempigia Adeer, nikafoka mpaka Nasteha, dada yangu, akafunga mlango kwa aibu. Adeer akasema kila nikipiga simu ni matusi, hatapokea tena. Sikumtukana. Nilimwita mharibifu.

Ijumaa, 21 Februari

Gududo ametumbukia. Ng'ombe mwekundu wa hooyo, mama wa nusu ya zizi. Alikuwa akikatiza katikati ya desheg, juu ya udongo ulioonekana mzima, ukabomoka — chini kulikuwa kumeshaungua, shimo la makaa matupu. Walimchinja palepale kabla hajafa mwenyewe. Hooyo hakulia. Alikaa tu na kamba mkononi.

Leo nawachukia wote. Adeer, matikiti yake, na ofisi yangu inayosema tusubiri kikao.

Jumapili, 23 Februari

Hatukusubiri. Tuko hapa tangu alfajiri — mimi, hooyo, Nasteha na wanawake wa manyatta ya jirani — tumeziba mfereji kwa magunia ya mchanga. Maji yanarudi kwenye desheg. Polepole, lakini yanarudi, na yakifika kwenye udongo unaowaka yanalia kama maji kwenye mafuta ya moto. Nimefurahi vibaya sana. Matikiti yakauke!

Naandika nimekaa juu ya magunia. Siyad, mlinzi wa shamba, amepita hapa sasa hivi. Anasema Adeer ameona maji yamekatika, ametoka kwa hasira, anakuja kwa miguu. Nikamuuliza njia gani. Akasema ile fupi, ya katikati.

Ile ya katikati ndiyo aliyopita Gududo.

Hooyo amekimbilia upande ule akipunga mtandio wake. Ameniamuru nisitoke hapa, niendelee kupiga simu, maana yenye chaji ni yangu tu. Moshi ni mzito, simwoni mtu. Nimempigia Adeer. Nimempigia tena. Inaita vizuri, anayo, anaona ni mimi.

Hapokei.