Mwanya wangu umezibwa Ruangwa

Jumapili, Nachingwea. Jua kali, korosho zinakauka uani, na mimi roho inaniuma.

Rehema wangu karudi leo kutoka Ruangwa kwa mama yake mdogo, Mwanahawa. Yale meno yake mawili ya mbele, aliyoyavunja harusini kwa kufungulia soda, yametengenezwa. Tangu siku ile mtoto alikuwa hacheki mpaka afunike mdomo kwa ncha ya kanga. Mdogo wangu akanipigia: "Dada, niletee, huku kuna daktari wa meno." Nikampandisha gari, tena kwa shukrani.

Eti daktari kabandika kitu cheupe, laini kama uji mzito, akakiunda taratibu, akakimulika kwa taa ya buluu kikawa kigumu. Jino kabisa! Hata uchungulie vipi huoni palipoungwa.

Lakini mwanya hakuna.

Ule mwanya ni wangu. Kabla yangu ulikuwa wa mama yangu. Enzi zangu nikitabasamu sokoni, vijana walikuwa wanasahau walichokuja kununua. Baba Rehema alipokuja kuposa alitaja mwanya kabla ya jina langu! Na katika watoto wote wa mama niliupata mimi peke yangu. Mwanahawa meno yake yamebanana, na utotoni aliulilia sana.

Mchana jirani kapita, kamkazia macho Rehema. "We Mama Rehema, mbona huyu sasa ni Mwanahawa mtupu?"

Nikacheka. Moyoni nilikuwa sicheki.

Nikajua tu, mdogo wangu ndiye aliyemwambia daktari auzibe. Nikamfuata Rehema jikoni, anakanda unga wa maandazi, nikamuuliza ni nani kaamua.

"Mimi, mama. Daktari aliniuliza, nikamwambia azibe. Kila ninakopita naambiwa, huo mwanya wa mama yako. Na mimi nilitaka meno yangu."

Halafu akacheka, mdomo wazi, mikono yote miwili imejaa unga.

Wivu haujaisha, sitadanganya. Kicheko kile kakianzia kwa Mwanahawa, mimi nimeletewa kikiwa tayari. Lakini jamani, mwanangu mzuri! Hata bila mwanya, kuanzia hapa mpaka Mtua hakuna wa kumfikia.

Kesho asubuhi nitampigia mdogo wangu nimshukuru.

Nitamshukuru kwa ufupi.