Hospitali ya Tano

Toledo, Ohio, Alhamisi

Dada Noreen,

Hujambo, bingwa mtarajiwa? Sisi wazima. Mama ameshanunua kofia ya siku yako ya matokeo ya kupangiwa hospitali, nami ndiye fundi matairi hodari kuliko wote mtaani, muulize yeyote. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenipasua masikio.

Jana ulinipa nywila nikuthibitishie orodha ya hospitali unazotaka kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, maana ulikuwa zamu. "Bonyeza tu, mjinga wewe, usisome!" Nikasoma. Hospitali nne, zote zenye majina makubwa! Dada, mtihani wa kwanza wa udaktari uliufeli, na nyumbani ninayejua ni mimi tu. Hata mimi niliyeacha shule naiweza hesabu hiyo: zikikukataa zote nne, kompyuta inayowagawa madaktari haikupangii popote, na mwaka mzima umepotea. Nikaongeza ya tano, mwisho kabisa: hii ya hapa kwetu, iliyokuita kwenye usaili ukaicheka.

Orodha imefungwa, haibadiliki tena.

Nitukane utakavyo, Dada, mradi unitukane ukiwa daktari wa mahali fulani.

Mdogo wako, mwenye akili zote za nyumba hii,
Wendell