Ng'ombe wa Zizi la Mzee Ntandu

Jumatatu, 7 Oktoba

Vumbi tena. Chaki zimefika, nusu zimevunjika njiani. Darasa la saba, seti, na mimi nimetoka jasho bure. Kitabu kipya kinataka tuchore duara la maembe mabivu na duara la maembe makubwa. Maembe gani hapa? Muungano wanaelewa. Makutano hawaelewi kabisa, wananitazama tu kama ninasoma Kilatini. Mtihani ni mwisho wa mwezi huu. Kesho kitabu kitabaki kabatini.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimefundisha kweli. Niliwauliza nyumbani kwenu kuna nini. Ng'ombe, wakasema wote. Basi nikachora duara la kwanza ubaoni: ng'ombe wanaolala zizini kwenu. Duara la pili, limepandana na la kwanza: ng'ombe wa baba. Nani atajaza?

Mariamu Ntandu, nani mwingine. Huyu binti anachukua chaki kama anachukua mwiko wa kwao. Katikati akaandika ng'ombe wa baba yake walio nyumbani. Kulia, wa baba yake walio kwa watu wengine. Kushoto, wanaolala zizini lakini si wa baba. Nikamwuliza hao wa kushoto ni wa nani. Wa Mzee Mwiru, akasema, waliletwa kabla hatujahamia kijijini. Safi kabisa. Darasa zima likaelewa kwa pamoja, nimeona nyuso zao. Ila Saidi, mtoto wa Mzee Mwiru, aliacha kunakili, akawa anakodolea ubao mpaka kengele. Nadhani alikuwa na njaa.

Nimesonga ugali huku ninaimba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mariamu hakuja jana wala leo. Labda foleni ya maji. Sipendi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sasa najua. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akafunga mlango, na kwa joto hili mlango ule haufungwi kamwe.

Kumbe huku mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Anampa rafiki huyu wawili, yule watatu, wamtunzie. Ugonjwa ukiingia zizi moja, wengine wanapona. Na watu hawajui ana mali kiasi gani. Anayetunza anakunywa maziwa na anafunga mdomo. Akisema, hapewi ng'ombe tena maisha yake yote. Sasa Saidi alifika nyumbani akamwuliza baba yake kwa nini wanavaa viraka na ng'ombe wanao. Mzee Mwiru akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ntandu. Mzee Ntandu akamwachisha binti yake shule. Kasema shule imemfundisha mdomo.

Nikamwuliza Mwalimu Mkuu, yeye Mnyaturu wa hapa hapa, kwa nini hakunionya. Akasema jambo kama hilo haliambiwi mtu, mtu anakua nalo. Mimi nimekua na treni. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli pale Itigi, na mali yetu ilikuwa kuku, na kuku kila mtu anawaona.

Nina hasira na Mwalimu Mkuu. Na kitabu cha maembe. Na mimi mwenyewe, zaidi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Ntandu. Shikamoo yangu iliitikiwa. Kigoda sikupewa. Mama Mariamu alikuwa anatwanga mtama na hakuinua macho. Mariamu mwenyewe alikuwa anakandika ukuta, mikono imejaa udongo mpaka viwiko.

Niliomba radhi. Nikasema darasa lile lina mtoto mmoja tu ninayemwona anafika sekondari, na anakandika ukuta. Mzee alinisikiliza kwa adabu sana, na hicho ndicho kilichoniudhi. Akasema hana ugomvi na mimi. Mwiru anataka kuwaondoa ng'ombe wake. Akiwaswaga mchana, kijiji kizima kitaona kwamba mtoto alisema kweli, na yeye Ntandu hataaminiwa tena na mtu yeyote. "Nenda kwa Mwiru, mwalimu," akasema. "Yeye akisema yameisha, yameisha, na huyu atarudi shule."

Jumatatu, 14 Oktoba

Mzee Mwiru nimemkuta mlangoni kwake anatengeneza makubazi ya tairi. Nikasema nimekuja kwa ajili ya wale ng'ombe. Akaniangalia kwa upole.

"Ng'ombe gani, mwanangu?"

Nikaeleza. Akaniacha nimalize, akauliza tena, ng'ombe gani. Nikaeleza tena, mjinga mimi. Mpaka nikashtuka. Kwa maneno yake, hana ng'ombe. Hajapata kuwa nao. Mtoto alikosea hesabu na mwalimu wake akapitisha kosa. Sasa mwalimu asahihishe pale pale ubaoni, mbele ya watoto wale wale, wapeleke jibu jipya nyumbani kama walivyolipeleka lile la kwanza. Halafu, kama hana ng'ombe, yeye atamfuata Ntandu kuchukua nini?

Nimerudi ninapiga mawe teke njia nzima. Anataka niseme jibu sahihi si sahihi. Hesabu! Kitu pekee ambacho hakijawahi kunigeuka.

Jumatano, 16 Oktoba

Situlii. Nimesahihisha madaftari mara mbili, sijui nimesahihisha nini. Nikikataa, Mariamu anabaki na udongo wake. Nikikubali, nitamtazamaje?

Mchana katibu wa kijiji akapita shuleni, anatabasamu. Kasikia kuna mtoto anayejua ng'ombe wa kila mtu wako wapi. Kamati inafikiria kukusanya ng'ombe wa watu wote katika zizi moja la kijiji, mtoto kama huyo atawasaidia. Nikamjibu mtoto alikosea, na kesho nitasahihisha. Limetoka lenyewe, sikulipanga. Akasema atakuja kusikiliza. Karibu, nikasema.

Nimemwomba Mwalimu Mkuu apeleke habari kwa Mzee Ntandu. Amekwenda bila kuuliza swali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefanya.

Mariamu aliletwa na baba yake. Mzee alibaki nje anajifanya anakagua bustani ya shule, yenye michicha miwili iliyokauka. Katibu alikaa dawati la nyuma. Nikachora maduara yale yale. Nikasema wiki iliyopita tulikosea, mimi wa kwanza. Zizini kwa Mzee Ntandu hakuna ng'ombe asiye wake. Upande wa kushoto ni seti tupu.

Halafu nikamwita Mariamu aje aandike. Ilibidi iwe kwa mkono wake, la sivyo nani angeamini? Alisimama ametugeuzia mgongo, chaki haigusi ubao. Nikadhani atakataa, na nusu ya moyo wangu ilitaka akatae. Akaandika alama ya seti tupu, kubwa, imenyooka. Akarudisha chaki mkononi mwangu na kunitazama usoni. Sitaki kutazamwa hivyo tena.

Saidi aliinamisha kichwa juu ya dawati. Wiki nzima alikuwa mtoto wa mwenye ng'ombe, nami nimemnyang'anya.

Katibu aliondoka kabla ya kengele. Najichukia. Na ningefanya tena.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mariamu yupo kila siku. Anafanya kila zoezi na hakosi. Haniulizi kitu. Zamani maswali yake yalikuwa yananichosha. Sasa natega sikio nikiyangoja.

Ng'ombe wa Mzee Ntandu wanapita mbele ya shule asubuhi. Nimejizuia kuwahesabu.

Jumanne, 29 Oktoba

Mtihani. Swali la seti lilikuwemo, watoto wanaopenda mpira na wanaopenda ngoma. Karatasi zilipofungwa nikamfuata Mariamu kwenye mtungi wa maji, nikamwuliza swali lile kaandika nini.

"Jibu la kweli, mwalimu."

Akaweka kata, akaenda zake.

Ijumaa, 1 Novemba

Joto. Wingu moja upande wa Manyoni, halafu halipo. Shule kimya, darasa la saba wamemaliza. Majibu yatakuja yakija.

Jioni Mariamu alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Baba anakusalimu, kasema. Kiangazi hiki nyumba nyingi zinakunywa chai ya rangi, na kibuyu kilikuwa kizito. Nikakipokea kwa mikono miwili. Hakuondoka. Alisimama ananiangalia, anangoja niulize.

Sikuuliza ni maziwa ya ng'ombe wa nani.

Akacheka kidogo, akaniuliza kama sekondari nako wanafundisha seti. Nikamwambia ndiyo, na mengine magumu zaidi. Akaenda kwao. Nimekunywa yote. Kibuyu nimekiosha, kiko dirishani kinakauka.