Mkeka wa Kuguswa Kutoka Auckland

Mama,

Magimbi yameiva nusu, yatie tui ukirudi. Mkeka mkubwa nimeuchukua, nimeufunga kwenye shuka safi. Mwambie Shangazi Lupe asihangaike kuutafuta.

Najua asubuhi mlicheka mpaka mkashika mbavu. Shangazi aliweka kidole kwenye kishikwambi, pale kioo kinapotetemeka ili mnunuzi wa mtandaoni aliye Auckland ahisi msuko wetu, akaniambia, "Wewe mtoto, miaka minne chuoni Suva ili uje kunigusisha nyigu?" Nikanuna. Samahani. Kilichoniuma ni alipokataza mkeka wowote wa kikundi chetu cha wasukaji usiuzwe kwa njia hiyo, maana neno la dada wa baba halipingwi nyumba hii.

Halafu nikamwona anavyoushika mkeka mkubwa mwenyewe. Alianzia ukingoni, akapitisha kiganja kizima polepole kufuata majani. Mimi nilirekodi mguso wake kwa ncha ya kalamu ya kishikwambi, tena nikipita kinyume cha msuko. Kosa ni langu, si la mashine.

Kwa hiyo naenda kurekodi upya, kwa mwendo wa kiganja chake. Wanawake wa Auckland wamechoka kununua mikeka kwa picha tu, ikifika ni migumu kama gunia. Mkeka wako ni laini, wajue kabla ya kulipa.

Jioni kikundi kikikutana nitamwomba ajaribu tena, macho yakiwa yamefumbwa. ~~Akikataa, basi, naacha.~~ Akikataa, nitamwomba anishike mkono anifundishe, nirekodi tena kesho.

Binti yako,
ʻOfeina