Saa ya Wifi na Swaumu ya Rukia

Jumatatu, 3 Ramadhani
Baba Rukia kaamka salama. Mama mkwe salama, kikohozi kimepungua. Rukia nimemtoboa kidole, kipimo kimesema saba. Nikamchoma insulini yake. Kanuna. Anataka kufunga kama wenzake wa madrasa. Ana miaka kumi na mbili na kisukari. Nimekataa. Kalia. Na mie nikalia, jikoni.

Jumatano, 5 Ramadhani
Wifi Zuhura karudi toka Maskati. Kamletea Rukia saa. Unaivaa mkononi, inasoma sukari juu ya ngozi, hakuna damu. Kasema, "Wifi, tupa hayo masindano, mtoto si kitambaa cha fundi cherehani!" Vidole vya mwanangu vimejaa vidoti vyeusi. Mungu ambariki wifi yangu.

Alhamisi, 6 Ramadhani
Rukia kanijia na hoja. Kutoboa kidole kunatoa damu, kunafunguza swaumu. Saa haitoi damu. Basi afunge, leo tu. Na mie najuaga hivyo hivyo, damu inafunguza. Nimekubali. Saa inasema sita. Roho haijatulia.

Ijumaa, 7 Ramadhani
Jana alasiri namenya muhogo wa futari, Rukia jasho linamtiririka, anaongea ovyo, ananiita mwalimu. Saa inasema sita. Nikamtazama mtoto, nikaitazama saa. Nikamwamini mtoto. Nikamtoboa. Mbili! Sukari imeshuka mno. Nikamnywesha maji ya sukari, taratibu.
"Mama, mbona unanifunguza?"
Nikajua karudi. Alhamdulillahi.
Saa nikaivua, nikaivalisha muhogo. Sita. Muhogo mzima wa afya! Mama mkwe kacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Mie sikucheka.

Jumamosi, 8 Ramadhani
Kliniki. Nilijua nitagombezwa. Nesi kanishika bega tu. Kasema saa ya kusoma sukari bila kuchoma, ya kuaminika, bado haijapatikana, wataalamu wanahangaika nayo. Ipo ya kubandika mkononi yenye kisindano chembamba, ila bei yake hatuiwezi. Na Rukia asifunge.
Tukapita kwa ustadhi. Kumbe tone la kidole halifunguzi! Miaka yote hii. Kamwambia Rukia, "Binti yangu, Mungu kakuruhusu ule, wewe unamkatalia?" Alishe maskini badala yake. Rukia kainamisha kichwa, kaitika.
Wifi kaja analia. Nimemkumbatia. Alileta kwa mapenzi, na yeye kauziwa uongo tu.

Jumatatu, 10 Ramadhani
Asubuhi Rukia kajipima mwenyewe. Nane. Kanywa uji mbele ya wenzake, hakujificha.
Jioni kapeleka bakuli la futari kwa Bi Mwajuma, mjane wa nyumba ya nyuma. Kakawia. Nikaanza kuchungulia mlangoni. Karudi anatabasamu, kasema bibi kamwombea dua ndefu mpaka miguu ikamuuma.
Sasa kalala. Nimemgusa paji la uso, kavu, la uvuguvugu.
Ahsante, Mola wangu. Na hao wanaohangaika kutafuta saa ya kweli, wape wepesi. Wakiipata, tuletee habari upesi.