Jina la Torika

Toowong, Brisbane
Tarehe 9 Julai

Mpendwa Mjomba Apenisa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini limepata nafuu, na kwamba huwadanganyi tena watu wa zahanati kuwa dawa unameza. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaniingia mpaka kwenye mifupa. Bahati nzuri nina hasira, zinanipasha moto.

Nimepata habari kwamba binamu yangu Sereana anajifungua mwezi ujao, na kwamba mtoto akizaliwa msichana mmekubaliana arithi jina la marehemu dada yake, Torika. Uliniuliza nasemaje. Kabla sijajibu, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Unakumbuka nilivyokuja baada ya mazishi na mizizi ya yaqona, kama desturi yetu ya kuomba jambo, nikakaa chini mbele yako. Hospitali ilikuwa imehifadhi bakteria waliotolewa kwenye damu ya Torika, wale walioingia kupitia kidonda cha mguuni wakammaliza kwa siku nne. Niliomba ruhusa niwalete maabara huku tuwachunguze. Ukaipokea mizizi, ukapiga makofi kama inavyopasa, ukasema, "Wachukue. Ila mjukuu wangu asiwe kitu cha kuchezewa." Nikakuahidi.

Huku kila bakteria hupewa namba. Mwenzangu yeyote angeandika namba akaenda zake kunywa chai. Mimi nilipokishika kile kichupa mkono uligoma. Nikaandika kwa kalamu: Torika. Nilidhani namheshimu. Nilidhani kila nikifungua friji nitakuwa namsalimia. Ujinga mtupu, Mjomba.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa siku mbili wa watafiti chipukizi wa bakteria wanaoleta magonjwa. Vijana watupu, majina yananing'inia shingoni, kila mmoja anatafuta wa kumpa kazi, na maprofesa wamekaa nyuma kama wasimamizi wa mtihani. Asubuhi nilizungumza mimi, juu ya upele na vidonda vya watoto wa visiwani. Walinisikiliza watu wanane, wawili kati yao wakitazama simu.

Mchana akapanda Fergus, ambaye meza yake maabara iko jirani na yangu. Kumbe alikuwa amemchukua bakteria yule kwenye friji yetu, kwa ruhusa ya profesa, na mimi sikuambiwa. Akaonyesha picha ya viwavi, maana huku huwachoma viwavi sindano ili kupima ukali wa bakteria. Walikuwa kumi, wote weusi, wote wamekufa. Akasema, "Huyu ndiye Torika. Msimwone mdogo, ana roho mbaya kuliko dada zake wote."

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Sikufichi. Kicheko kilinitoka pamoja na cha wengine, kwa mazoea ya kutaka kuonekana mwenzao, na ndipo nikasikia nilichokicheka.

Akapewa tuzo ya hotuba bora. Nikamfuata kwenye meza ya chai, kinywa chake kimejaa mkate wa soseji. Nikamwambia, "Torika ni mtoto wa binamu yangu. Alikuwa na miaka tisa."

Akameza mkate. Kisha akauliza, "Lakini si ni wewe uliyeandika?"

Hakuuliza kwa ubaya, na ndiyo maana swali hilo naamka nalo mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda kwa profesa kuomba jina lifutwe. Ni mama mstaarabu, alinipa tishu. Akasema maabara yetu watalifuta, ila bakteria ameshatumwa nchi sita, kote anajulikana kwa jina hilo, na taarifa zake ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta. Aliahidi kuwaandikia. Akanifariji kwamba watu husahau. Wanasahau wao.

Nimemkasirikia Fergus, na profesa, na wote waliocheka. Nikimaliza kuwapitia wote hao, mwisho wa foleni najikuta mimi, Merewalesi, na kalamu yangu.

Sasa jibu langu. Msimpe mtoto jina hilo. Siku moja atakuwa shuleni, atalitafuta jina lake mtandaoni kama watoto wote wanavyofanya, na ataletewa viwavi weusi na sifa za kuua. Mtafutieni jingine. La Torika nimeshalitoa mimi, Mjomba, na niliyempa ndiye aliyemuua.

Nisalimie Bibi Losena na wote wa nyumbani. Sereana mwambie wewe, mimi sina uso wa kumtazama hata kwa simu. Mungu amfungue salama, na mtoto alie kwa nguvu mpaka majirani waamke.

Mpwa wako, anayekupenda hata usipomjibu,

Merewalesi